Babu wa reli ananiuliza kila asubuhi: kimetoka?

Shangazi, shikamoo.

Nakusoma miaka mingi ila sijawahi kukuandikia. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimekulia Ngamiani, na huu ni mwaka wa saba niko kusini mwa Uingereza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Mume ninaye, watoto ninao, hao hawajambo na hawana neno. Shida yangu ni mzee wa watu, na kitabu.

Huyu mzee ninamwita Babu, hata mbele yake, na anapenda. Alikuwa mhandisi wa reli. Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Siku ya kwanza nilipoingia chumbani mwake aliniuliza nimetoka wapi, nikasema Tanga, nikijua hatapajua. Akafumba macho kidogo. "Mita moja," akasema. Sikumwelewa. Kumbe anataja upana wa reli yetu, chuma hadi chuma! Akaniongezea kwamba Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Marehemu babu yangu mzaa mama alistaafu kwenye reli hiyo hiyo na hayo hakuwahi kuniambia. Jina langu halikai kichwani mwa mzee huyu hata saa moja, lakini mita moja haijamtoka mpaka leo.

Chumbani ana rafu nzima ya vitabu vya Terry Pratchett, ule mfululizo wa Discworld. Kama huvijui: ni hadithi za kuchekesha za dunia bapa kama sinia, iliyobebwa na tembo wanne, nao wamesimama juu ya mgongo wa kobe mkubwa anayeogelea kati ya nyota. Humo mna wachawi wasomi ambao kazi yao kubwa ni kula, mna askari wa lindo la usiku, mna sanduku lenye miguu mingi linalomkimbilia mwenyewe popote aendapo. Na yumo Mauti, mifupa mitupu, anaongea kwa HERUFI KUBWA. Mimi mtoto wa chuoni, nilipoona Izraili anafanyiwa mzaha nilikifunga kitabu nikaleta istighfari. Babu akanisihi nisome kurasa kumi tu. Shangazi, huyo Mauti ana adabu kuliko binadamu wengi wa humo ndani. Anapenda paka. Anapenda mchuzi wa bizari. Nikamaliza Mort, cha mwaka 1987, ambamo anamchukua kijana wa watu amfundishe kazi, na tangu hapo ndiyo nimenaswa. Jioni baada ya chai namsomea Babu nusu saa, vingine najisomea mwenyewe kwenye basi. Maneno ya Mauti nayasoma kwa sauti nzito, kama khatibu mwenye mafua, na Babu hucheka mpaka meno ya bandia yanataka kutoka.

Siku moja nikamwambia kwamba sisi Waswahili tuna majina mawili, kobe wa nchi kavu na kasa wa baharini. Akawaza sana. Akauliza, sasa huyu wa kwetu hapa ni yupi? Nikamwambia nitauliza.

Shida ndiyo hii. Kila asubuhi nikifungua pazia, kabla hata ya salamu, ananiuliza: "Kimetoka?" Anakusudia kitabu cha reli. Mwaka 2013 alisikia kwamba Pratchett anakuja na hadithi ya garimoshi, jinsi mvuke unavyofika katika dunia ile ya kobe. Sasa mchukue mtu wa reli, aliyesoma vitabu hivyo tangu cha kwanza cha mwaka 1983, umpe habari kama hiyo. Ilikuwa Idi mbili kwa siku moja. Na akili yake katika kurudi nyuma imesimama hapo hapo, wiki chache kabla kitabu hakijatoka. Macho yanamng'aa. Anasugua viganja kama mtoto aliyesikia sufuria ya pilau inafunuliwa.

Kitabu chenyewe kiko kwenye rafu yake. Kinaitwa Raising Steam. Alikinunua Novemba ile ile kilipotoka, akakisoma chote, na pembeni ya kila mahali alipocheka ametia tiki ya penseli. Katika kurasa kumi za mwanzo nimehesabu tiki kumi na nne.

Mwenzangu mmoja kazini alinifundisha nimjibu, "Kinatoka Jumamosi." Jumamosi ikifika atakuwa ameshasahau. Nikajibu hivyo wiki tatu, mambo shwari. Jumamosi ya nne nimeingia zamu saa moja asubuhi, nimemkuta ameshavaa. Tai, koti, kofia mapajani. Amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango anangoja basi la kwenda duka la vitabu mjini. Alikaa pale mpaka saa sita, nje mvua, na kila anayepita anamwambia kwa upole kabisa kwamba leo ndiyo siku. Niliingia stoo ya mashuka nikalia.

Binti yake huja Jumapili. Nilimweleza yote, akakasirika, na sikumlaumu. Akaenda akamwambia pale pale: baba, hicho kitabu umeshakisoma, mwandishi wake alifariki 2015, hakuna kingine kinachokuja. Babu akamtazama. "Hakuna aliyeniambia," akasema, akafunika uso kwa mikono. Baada ya nusu saa habari ile ilikuwa imeshamtoka, lakini chakula cha mchana hakukigusa, na jioni nilipofungua kitabu alisema hana hamu, wala hajui kwa nini. Kesho yake asubuhi, pazia: "Kimetoka?"

Binti anasema kumdanganya baba yake ni kumgeuza mtoto mdogo. Meneja anasema tufuate anavyotaka binti. Mimi nimelelewa na bibi ambaye ukimdanganya hata la kuchezea hakupi chakula mpaka ulikane. Sitaki kumdanganya mtu mzima, na sitaki kumzika mwandishi wake kila Jumapili. Nimjibu nini?

Na lingine dogo, usinicheke. Vitabu vyenyewe mimi nimeshavisoma karibu vyote. Cha mwisho kabisa, The Shepherd's Crown, nilikiokota kwenye duka la mitumba kwa pauni mbili. Mwezi wa nne sasa kiko kabatini chini ya kanga, sijakifungua. Nikikimaliza hicho, basi tena. Nifanyeje?

Mwana wa Tanga, Uingereza

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mume wangu asikie, naye hata hakungoja nimalize. Akauliza: "Sasa si kimetoka?"

Nilitaka kumnyamazisha, kisha nikaona huyu mzee wa watu amekujibu kabla yangu.

Kimetoka, mwanangu. Kilitoka Novemba 2013. Babu yako hakuulizi kama mwandishi yu hai, wala hakuulizi kama yeye ameshakisoma. Anauliza neno moja tu, na neno hilo lina jibu la kweli ambalo pia ni jibu la furaha: "Ndiyo, Babu. Hiki hapa." Mwenzako wa kazini alisema uongo aliposema bado. Binti akasema kweli, ila akajibu swali ambalo baba yake hakuliuliza. Na wewe umesimama katikati yao unajiona huna pa kukanyaga, na kitabu kiko rafuni, hatua tatu kutoka kitandani.

Lakini usimpe kile chenye tiki. Fikiri mtu amengoja kitabu kipya, anakifungua, anakuta kimechorwachorwa kwa penseli, tena kwa mkono wake mwenyewe. Utamchanganya bure. Tafuta nakala nyingine, safi, ya jalada gumu kama ile ya mwanzo. Vitabu vya Pratchett viliuzwa kwa mamilioni huko na hayo maduka ya mitumba hayavikosi. Ifunge kwenye karatasi. Asubuhi akiuliza, mtie mkononi, na usimsaidie kufungua hata vidole vikitetemeka. Mwache aone picha ya juu, anuse, asome maneno ya nyuma. Usiku kirudi kwenye karatasi.

Kile chenye tiki kaa nacho wewe. Jioni mnaposoma, yeye ashike kipya, wewe soma kwenye cha zamani, na ukiona tiki inakaribia punguza mwendo. Mtambaji yeyote wa hadithi angetoa mbuzi ajue mapema baraza litacheka wapi. Wewe umeandikiwa na msikilizaji mwenyewe, kwa penseli.

Zitakuja siku hatauliza, usimkumbushe. Na itakuja siku atakitazama aseme, "Hiki nilishakisoma." Usibishane naye. Mwambie ndiyo, ulikisoma, na hapa ulicheka, kisha msomee hapo.

Nimemuuliza muuguzi mmoja aliyestaafu, aliyeuguza watu wenye maradhi haya miaka mingi, kama ninakupoteza. Akasema hapana, akanieleza kitu ambacho wewe umeshakiona kwa macho yako. Mara nyingi huanza kupotea kumbukumbu mpya na za zamani zikabaki, ndiyo maana mita moja ipo na jina lako halipo. Na hisia hukaa hata habari iliyozileta ikishatoweka. Jumapili ile Babu alisahau kilichomliza, huzuni ikabaki mpaka jioni bila mwenyewe kujua imetoka wapi. Furaha nayo ina tabia hiyo hiyo. Atasahau kwamba amepewa kitabu, lakini mchana atakula.

Habari ya Jumamosi sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: ulikosea. Hukukosea kwa ubaya, ila mtu aliyeishi kwa ratiba za treni umempa siku, ulitaka afanye nini? Alifika stesheni mapema, amevaa vizuri, kama alivyofanya maisha yake yote. Basi, kuanzia leo usimwambie kesho, usimwambie Jumamosi, usimtajie wakati wowote wa jambo lolote ambalo haliko.

Sasa mwandishi. Siku Babu akikuuliza waziwazi, macho yametulia, "Pratchett amekufa?", kaa kitandani kwake, mshike mkono, mwambie ndiyo. Mtu mzima akiuliza swali kamili apewe jibu kamili. Lakini msiba usimpelekee wewe asipouuliza. Akisema, "Baada ya hiki kinakuja kipi?", mwambie tumalize hiki kwanza. Hiyo nayo ni kweli tupu, hata bibi yako angekupa chakula.

Kuna jambo moja ambalo sijui kama binti analijua, na nakuomba umwambie mkiwa mmekaa, si mlangoni anapovaa koti. Pratchett mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa jamii hiyo hiyo. Desemba 2007 aliwatangazia wasomaji wake kwamba ana aina adimu ya Alzheimer, inayoanzia nyuma ya ubongo na kuvuruga jinsi mtu anavyoona vitu. Akawaomba wasimnunie, wachangamke, akasema wakati upo wa vitabu vichache zaidi. Miezi michache baadaye akatoa dola milioni moja za utafiti wa ugonjwa huo. Na vitabu vilikuja kweli. Mikono iliposhindwa kuchapa alisimulia kwa mdomo, kompyuta na msaidizi wake vikaandika. Cha reli ni kimojawapo cha hivyo. Alifariki tarehe 12 Machi 2015, ana miaka 66.

Kwa hiyo kitabu ambacho baba yake anakingoja kila asubuhi kilitungwa na mtu ambaye akili yake nayo ilikuwa inaanza kumponyoka, na bado kinachekesha. Wapo wanaosema si kizuri kama vya kati, kwamba wahusika wanahutubia mno na vituko havikukazwa. Ni kweli, nami nimeona. Ila yule tapeli aliyepewa posta ya mji, akapewa na benki, sasa anakabidhiwa reli huku amekatazwa kushindwa, huyo bado ananichekesha. Na kijana mwenye mashine, ambaye baba yake aliruka na mvuke asionekane tena hata kipande, anaingia na kofia yake bapa na mahesabu yake. Nina hakika pembeni ya huyo kijana Babu ametia tiki nyingi. Nenda kaangalie.

Binti usimwone mkali. Hebu jiweke alipo. Anaendesha gari kila Jumapili kwenda kumwona baba, na baba anauliza habari za kitabu, haulizi habari zake. Angalau ukali unampa kitu cha kufanya. Mimi ningempa kile kilichofungwa kwenye karatasi, Jumapili ijayo, mlangoni, nimwambie: leo mpe wewe. Akiuliza "Kimetoka?", jibu litoke kwa mwanawe. Akikubali, mwombeni meneja aliandike kwenye mpango wa malezi yake, ili mtu wa zamu ya usiku asije akamtajia Jumamosi tena. Akikataa, mwachie nafasi, mwombe siku nyingine. Ni baba yake. Hata ukimpenda namna gani, neno la mwisho ni lake.

Tuje kwenye kanga na kilicho chini yake.

Kwanza ujue kwamba kweli hakuna kingine. Mtu husema labda kuna maandishi kwenye droo mahali fulani. Yalikuwepo, kwenye diski ya kompyuta yake, na mwenyewe alitaka yasimfuate nyuma. Agosti 2017, kwenye maonyesho ya mitambo ya mvuke kule Dorset, diski hiyo iliwekwa chini, ukaletwa mtambo wa zamani wa kushindilia barabara, ukapita juu yake. Diski ikakaidi. Ukapita tena na tena, mwisho ikabidi ikamaliziwe kwenye mashine ya kusaga mawe. Mtu aliyetunga hadithi za garimoshi, kazi zake zilizobaki zinapondwa kwa mvuke! Babu angeipenda sana hadithi hiyo, na ndiyo sababu inaniuma kukwambia usimsimulie.

Kwa hiyo hicho ulicho nacho ndicho cha 41 na cha mwisho. Mimi nimekisoma. Kinaanza na msiba, sitakwambia wa nani, weka leso karibu. Na kinaonekana hakikuiva sawasawa, kwa sababu kilitoka Agosti 2015, mwenyewe ameshaondoka, hakupata kukirudia kama alivyozoea. Msaidizi wake ameyaeleza hayo mwishoni mwa kitabu. Kuna sura unaona kabisa kwamba angeingia tena kupigilia msumari hapa na pale. Mimi sehemu hizo ndizo nilizozisoma polepole.

Usikisomee kwenye basi, na usikisome kwa sauti chumbani mwa Babu. Subiri siku yako ya mapumziko watoto wakiwa shule. Au usikisome mwaka huu. Kukiacha chini ya kanga si kosa, wala si ugonjwa. Mimi mwenyewe kuna kimoja cha katikati nimekiruka makusudi, mume wangu anajua nilipokificha na ameapa hatasema. Ila kama unaniuliza, nakwambia malizeni kwanza cha reli, wewe na Babu, mpaka ukurasa wa mwisho. Huenda mkakimaliza mara nyingi.

Na yule mnyama ni kasa. Kobe ukimtia majini anazama. Mwambie Babu, na kesho umwambie tena.